Mkoko Haupendi Chumvi

Nimeleta vitu vitatu na ningependa vizunguke ukumbini wakati nikizungumza. Cha kwanza ni tawi la mchu lililokatwa asubuhi. Cha pili ni kipande cha shina la mkoko, kimepigwa msasa hadi kikang'aa. Cha tatu ni tunda la mkoko, ule ufito wa kijani ambao watoto wa pwani huuchezea mikuki. Atakayepokea tawi la mchu asione haya: alambe jani kidogo kwa ncha ya ulimi, kisha ampe jirani yake jani jingine.

Nimepewa mada pana mno, namna mimea ya nchi kavu inavyofanya kazi na inavyokabiliana na mazingira yanayobadilika. Mhadhiri akijaribu kuimaliza mada hiyo kwa saa moja ataishia kusoma orodha ya majina. Kwa hiyo nimechagua miti michache ya pwani yetu, ile tunayoiita kwa jumla mikoko, ingawa mvuvi au mkata boriti wa Lamu atawatajieni mmoja mmoja: mkoko wenyewe, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi, msikundazi, kikandaa. Nimeichagua kwa sababu mmea ukiwekwa mahali pagumu, kazi zinazofanyika kimyakimya ndani ya mwembe au muhindi huonekana wazi.

Watu wengi huamini kwamba mkoko ni mti wa bahari na kwamba chumvi ndiyo chakula chake. Sivyo. Mkoko ni mti wa nchi kavu uliorudi majini, na haja zake zimebaki zilezile za nchi kavu. Unataka maji matamu, na mizizi yake inataka hewa. Miche ikioteshwa kitaluni katika maji yenye chumvi pungufu hukua vizuri kuliko katika maji kamili ya bahari. Unaishi pale ulipo kwa sababu umeweza kulipa gharama ambayo miti mingine haiwezi kulipa, na gharama hiyo hulipwa kila siku.

Tuanze na deni ambalo kila mmea wa nchi kavu unalo. Mmea hutengeneza chakula chake kwa usanisinuru, na kwa kazi hiyo unahitaji hewa ukaa. Hewa ukaa huingia kupitia vitundu vidogo sana vya jani, stomata, ambavyo hufunguka na kufunga. Tatizo ni kwamba kitundu kinachopitisha hewa ukaa kuingia hupitisha pia mvuke wa maji kutoka, na ndani ya jani kuna unyevu mwingi kuliko nje. Kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa inayotumika, mmea wa kawaida hupoteza molekuli mia kadhaa za maji. Wazazi wa mimea hii walipotoka majini zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, deni hilo ndilo walilokutana nalo. Nta juu ya jani, mizizi mirefu, mishipa ya maji na vitundu vyenyewe vyote vilitokana na kuhangaika nalo.

Kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alipima maji yanayopotea kwenye alizeti akachapisha matokeo yake mwaka 1727. Lakini swali la jinsi maji yanavyopanda juu ya mti bila pampu lilisubiri hadi mwaka 1894, pale Henry Dixon na John Joly wa Dublin walipopendekeza jibu ambalo limesimama mpaka leo. Maji yakikauka katika jani, huvuta maji yaliyo nyuma yake, nayo huvuta yaliyo chini yake, hadi mzizini. Molekuli za maji hushikana kwa nguvu kubwa kiasi kwamba uzi mwembamba wa maji unaweza kuvutwa bila kukatika. Jua ndilo linalofanya kazi hiyo. Mti hautumii nguvu yake kuinua maji, unachofanya ni kuruhusu au kuzuia.

Sasa tupande mti huo ndani ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na maji hupenda kuelekea kwenye chumvi. Mzizi wenye maji matamu ukikaa ndani ya maji ya bahari, kwa kawaida maji yangetoka mzizini kwenda baharini na mti ungekauka huku umesimama ndani ya maji. Ili kuushinda mvuto huo, mti lazima uvute kwa nguvu inayozidi atimosfia 25. Tairi la gari dogo hujazwa upepo kwa kama atimosfia 2.

Je, mkoko unavuta kweli kiasi hicho? Aliyejibu swali hili kwa kipimo ni Per Scholander, mwanafiziolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani. Njia yake ni rahisi mno, unajiuliza kwa nini haikubuniwa mapema. Alikata kijiti chenye majani. Kijiti kikikatwa, uzi wa maji uliokuwa umevutwa hukatika na maji hurudi ndani ya mbao. Akakitia kijiti ndani ya chombo cha chuma kilichozibwa, ile ncha iliyokatwa ikichungulia nje, kisha akaongeza mgandamizo wa gesi ndani ya chombo polepole hadi tone la maji likatokeza tena kwenye ncha. Mgandamizo uliohitajika kulirudisha tone ni sawa na nguvu ambayo mti ulikuwa ukivutia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965. Kwa mikoko, kipimo kilisoma kati ya atimosfia 30 na 60. Mti ulio kimya kwenye tope la hori, ndege ametulia juu yake, unavuta kwa nguvu hiyo kuanzia jua linapochomoza.

Scholander na wenzake walionja pia maji yaliyomo ndani ya mishipa, yaani waliyapima chumvi. Ndani ya mkoko, muia na mkandaa yalikuwa karibu matamu. Chumvi ilikuwa imeachwa nje, mlangoni mwa mzizi. Ndani ya mzizi kuna ukuta wa seli zilizopakwa suberini, ambayo ni jamaa ya nta na ndiyo inayoyafanya magome yasipitishe maji. Ukuta huo hulazimisha kila tone lipite ndani ya seli hai badala ya kupenya kando kando, na utando wa seli hai haupitishi chumvi hovyo. Huu ndio mtambo wa kusafisha maji ya bahari, unaofanya kazi bila dizeli wala umeme.

Mchu umeshika njia nyingine. Nao huzuia sehemu kubwa ya chumvi mzizini, lakini maji yanayopanda ndani yake yana chumvi mara nyingi zaidi kuliko ya mkoko, na ziada hiyo hutolewa kwenye majani kupitia tezi maalumu. Nadhani tawi limeshafika katikati ya ukumbi, naona nyuso zimekunjamana. Chumvi mliyoionja haikurushwa na mawimbi. Imepita mzizini, ikapanda shina zima, ikasukumwa nje na jani kwa gharama ya nguvu. Mkilitazama jani kwa karibu mtaona chembe nyeupe zinazometa, nazo hubaki hapo mpaka umande au mvua izioshe.

Hapa nikatize kidogo. Waongozaji wengi wa wageni kwenye vijia vya mbao vya mikokoni huonyesha jani la manjano na kusema: hili ni jani la kafara, mti umelijaza chumvi ili liondoke nayo. Hadithi ni tamu, na wageni huipenda. Majani yaliyo karibu kuanguka yalipopimwa, hayakukutwa na chumvi nyingi kuliko majani mabichi yaliyokomaa kwa kiwango cha kuitosheleza hadithi hiyo. Jani la manjano la mkoko kwa sehemu kubwa ni jani lililozeeka.

Kipande cha mbao sasa. Kikifika kwenu, kigeuzeni mkitazame upande wa kichwa, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Mtaona vidoadoa vingi, hivyo ni midomo ya mishipa ya maji. Pia mtaona miduara hafifu, ya rangi nzito na ya rangi nyepesi, ikifuatana. Watafiti waliochunguza mkoko wa Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, walionyesha kwamba miduara hiyo ni kalenda. Wakati wa mvua, maji ya hori yakipungua chumvi, mti hujenga mbao nzito yenye mishipa michache. Kiangazi, chumvi ikipanda, hujenga mishipa mingi iliyosongamana. Sababu yake ni ileile nguvu ya kuvuta. Uzi wa maji ukivutwa kupita kiasi, povu la hewa huingia na mshipa mzima unakufa. Penye mishipa mingi midogo, kufa kwa mmoja si msiba. Kwa hiyo mti hubadilisha mabomba yake msimu kwa msimu. Huko ndiko kukabiliana na mazingira kwa maana yake ya kila siku: kitundu cha jani huitika kwa dakika, mbao huitika kwa miezi, na kila jibu hukata kitu fulani katika ukuaji. Mkoko hufungua vitundu vyake kwa ubahili, hivyo hukosa hewa ukaa nyingi ambayo ungeweza kuipata, hivyo hukua taratibu. Uzito na uimara wa boriti tunazozisifu umetokana na taratibu hiyo.

Deni la pili ni la hewa. Tope la mikokoni, mnajua harufu yake. Harufu ya yai viza inatoka kwa vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Mzizi ni kiungo hai na hauwezi kupumua humo, ndiyo maana mkoko husimama juu ya miguu yake iliyopinda, na mchu huotesha maelfu ya vidole vinavyochomoza juu ya tope. Scholander huyuhuyu, katika kazi ya mwaka 1955, alipaka grisi kwenye matundu ya mizizi ya juu, na oksijeni ndani ya mizizi iliyozikwa ikashuka haraka. Aliona pia kwamba maji yakijaa na kuvifunika vidole vya mchu, oksijeni iliyomo hutumika na mgandamizo wa ndani hupungua. Maji yakipwa, hewa mpya hunyonywa kwa kishindo kidogo kisichosikika. Mti wa mchu huvuta pumzi kwa kufuata kujaa na kupwa.

Kinachonishangaza zaidi ya yote haya ni kwamba njia hizi hazikurithiwa kutoka kwa babu mmoja. Mlilana, unaochongwa mataruma ya vyombo, ni wa ukoo mmoja na mhina na mkomamanga. Mkomafi ni jamaa ya mwarobaini. Msikundazi uko katika ukoo wa mbuyu, pamba na bamia. Kila ukoo ulirudi baharini kwa njia yake na kwa wakati wake, ukakutana na deni lilelile, ukalipa kwa namna zinazofanana. Koo ambazo hazikuweza kulipa hazipo, kwa hiyo hatuzioni.

Kwa kuwa gharama hazifanani, hata makazi hayafanani. Mbele kabisa, maji yanapofika kila siku, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko, kisha muia na mkandaa. Pembeni kabisa upande wa bara, maji hufika siku za bamvua tu; maji mafu hayafiki. Mtu angedhani huko ni afadhali. Kumbe jua hukausha udongo siku hadi siku, na chumvi inayobaki huweza kuzidi ile ya bahari yenyewe. Huko hukaa mchu peke yake, mfupi wa kimo cha mtu kama kule Gazi, na hali Gazi hiyohiyo kuna michu mirefu upande wa bahari. Mti ni mmoja, ila chumvi imeamua kimo.

Historia ya biashara ya pwani hii imefuata mpangilio huo. Oman haina mkoko wala muia wala mkandaa. Inao mchu tu, kama mtu anavyoweza kuuona kwenye hifadhi ya Qurum mjini Muscat, kwa sababu ukame na chumvi ya kule vimeishinda miti mingine. Mchu hupindapinda, hautoi boriti. Kwa hiyo majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa na korija za boriti kutoka Lamu na Rufiji, na upana wa vyumba, Lamu na hata ng'ambo, ukafuata urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba dari, kama mita 2.5 hadi 3. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Nimefika kwenye sehemu ya mada inayosema mazingira yanabadilika. Mti mmoja ulioota hauna mahali pa kwenda. Unaweza kubana vitundu, kuongeza mishipa, kupunguza majani, basi. Kinachoweza kusogea ni msitu, kupitia mbegu. Ufito ulio mikononi mwenu si tunda tu: ni mche uliokwisha kuota ukiwa bado juu ya mti, ukanyonyeshwa na mama yake hadi ukafika urefu wa zaidi ya futi moja. Ukidondoka unaweza kusimama papo hapo topeni, au kuelea kwa wiki kadhaa hadi ufike mahali pengine. Chumvi ndani yake ni kidogo. Hesabu ya chumvi huanza siku ya kwanza ya kujitegemea.

Msitu una ujanja mwingine, wa kuinua sakafu yake. Mizizi hupunguza kasi ya maji na tope hutua. Mizizi inayokufa haiozi yote kwa kukosa oksijeni, hivyo hujazana chini mwaka hadi mwaka. Kaboni inayoshikwa na msitu ndiyo ambayo wanakijiji wa Gazi na jirani zao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wameiuza tangu mwaka 2013 kwa kulinda hekta 117. Huko huko Gazi, watafiti walikata miti katika viwanja vya majaribio na kuacha mingine kulinganisha. Palipokatwa, ardhi ilianza kushuka ndani ya muda mfupi. Anayekata mikoko basi anapandisha bahari mahali pake kabla hata bahari yenyewe haijapanda.

Kasi ndiyo inayoamua. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa masalio ya tope kutoka sehemu 78 duniani, ya kipindi cha miaka 10,000 iliyopita. Bahari ilipopanda kwa zaidi ya milimita 6 kwa mwaka, mikoko kwa kawaida ilishindwa kujijengea sakafu. Kati ya mwaka 2006 na 2018 wastani wa dunia ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, na unaongezeka.

Lakini msichukue hilo mkadhani hatari ni moja. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori la Mwache, Mombasa, likafukia mizizi ya kupumulia na miti mingi ikafa: tope lilelile linaloinua sakafu, likija kwa siku chache, huua. Kaskazini mwa Australia, mwishoni mwa mwaka 2015, kama hekta 7,400 za mikoko zilikufa katika ukanda wa kilomita 1,000, na moja ya sababu ni kwamba El Niño ilishusha usawa wa bahari kwa miezi kadhaa. Mikoko ilikufa kwa kiu, kwa kuwa bahari haikuja kuosha chumvi ya udongo. Huko Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa lolote hushika tope na kubadilisha majira ya maji matamu. Sisemi hivyo kulaumu. Nasema delta yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki inahitaji kupimwa chumvi na kimo cha tope mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo haina umaarufu.

Kazi yenye umaarufu ni kupanda. Fulana za rangi moja, mgeni rasmi, picha, kila mtu na ufito wake anauchoma topeni. Mara nyingi mahali panapochaguliwa ni tope tupu lililo mbele ya msitu, kwa kuwa halina mwenyewe na linaonekana vizuri kwenye picha. Mahali pale ni chini mno. Maji hukaa muda mrefu, mizizi hukosa hewa, viumbe wa baharini hugandama kwenye mashina. Na kinachopandwa karibu kila mara ni mkoko, kwa sababu ufito wake huokoteka kirahisi, ingawa nafasi ya mbele kwa asili ni ya mlilana. Ningependa mgeni rasmi mmoja aulizwe swali moja kabla ya sherehe: hapa maji hufunika kwa saa ngapi kila siku?

Wengine husema hewa ukaa ikiongezeka angani itaisaidia mikoko, kwa kuwa vitundu vitafunguka kidogo na bado chakula kitatosha. Wako sahihi kwa nusu. Marilyn Ball na wenzake, katika majaribio waliyochapisha mwaka 1997, waliona miche ya jamaa za mkoko ikinufaika pale chumvi ilipokuwa chini. Chumvi ilipokuwa juu, faida ilikuwa ndogo sana.

Msitu usipoweza kujiinua vya kutosha, unabaki na njia moja, kurudi nyuma kuelekea bara, mbegu baada ya mbegu. Hebu tupige hesabu. Chukua ufuko unaoinuka mita 1 kwa kila mita 1,000, mteremko wa kawaida katika mabonde ya tope. Bahari ikipanda milimita 3.7 kwa mwaka na tope lisiongezeke, mpaka wa bamvua husogea mita 3.7 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni mita 111. Kwenye ramani za viwanja vyetu, mita hizo 111 nyuma ya mikoko zina nini leo? Mahali pengine zina majaruba ya chumvi yenye matuta, mahali pengine barabara, ukuta wa hoteli, minazi ya mtu mwenye hati. Ufito uliomo mikononi mwenu unaweza kuelea mpaka huko. Ukikuta ukuta wa saruji hauna pa kuchomeka, na hakuna kifungu cha mpango wa ardhi nilichokisoma kinachoupa nafasi.